Neno la Siri la Mkuu wa Kituo

Siku yangu ya kwanza kazini Morogoro, Mkuu wa Kituo cha simu, Mzee Kobelo, hakuuliza habari za shahada yangu. Aliuliza kama naogopa kupanda mnara. Nilimwona kuwa ni fundi wa waya za shaba tu, aliyeachwa nyuma na ubinafsishaji. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu.

Kampuni ilikuwa imepata wenye hisa wapya, na intaneti ya simu ndiyo kwanza inaanza. Shule moja ya misheni kwenye mlima wa Bigwa ilishindwa kutuma majina ya watahiniwa kwa intaneti hiyo, na muda ulikuwa unakwisha. Nikaenda kupima. Pale mlimani modemu ilisikia minara miwili kwa nguvu karibu sawa, ikawa inahama huku na huko. Kila ikihama, vipande vichache vya data hupotea. Itifaki ya usafirishaji, ile kanuni inayosimamia utumaji, hudhani njia imejaa, nayo hupunguza mwendo. Njia haikuwa imejaa hata kidogo.

Nikapendekeza tuongeze kizingiti cha kuhama: mnara mpya usipokee mpaka uuzidi wa zamani kwa mbali. Mzee akasema nianze na mnara mmoja, maana tukibadilisha yote, simu ya abiria wa basi la Gairo ingeng'ang'ania mnara wa nyuma mpaka ikatike. Nikauona ni woga. Mitambo ilikuwa na neno la siri moja, lake, na sote tulilitumia. Alipokwenda kula, nikabadilisha minara yote.

Shule ikatuma majina mchana huo. Kwenye barabara ya Dodoma, ile inayopita Gairo, simu zikakatika-katika kwa siku mbili.

Meneja wa Kanda alikuja na karatasi iliyotoka kwenye mitambo, yenye jina la aliyefanya mabadiliko.

"Kobelo, hili ni jina lako?"

Mzee alinitazama, muda wa kutosha mtu kusema. Nikainamia meza.

"Jina ni langu."

Mzee akawa wa kwanza kwenye orodha ya waliopunguzwa kazi. Baadaye nilipewa kiti chake. Nikaweka kizingiti kwenye mnara mmoja, kama alivyoelekeza, nikatunukiwa cheti.

Ninyi mnaoanza kazi leo, kila mmoja wenu ana neno lake la siri. Msidhani hilo linatosha.

Nilipostaafu nilikwenda kwake, nikampa shikamoo, nikakiri yote. Hakushtuka.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilikungoja useme mbele ya meneja, watoto wangu wakiwa bado shuleni. Leo unaniambia ili nikufanyie nini, kijana?"

Kichwa changu kilikuwa kimejaa mvi. Nikaaga.