Jambia la Mapindo Tisa

Asubuhi ya mtihani nilifungua kabati, jambia halimo. Miezi minane nimelihangaikia kwenye darasa la jioni la ufundi wa vyuma, kila nikitoka kufagia kiwandani, na saa tatu lilitakiwa liwe juu ya meza ya mtahini. Bila cheti cha mtihani ule ningezeeka na ufagio.

Miaka ile ya sabini nani alilijua jambia la Kijava? Mwalimu ndiye aliyetuonyesha picha. Ubapa wake umepindapinda kama nyoka, na hesabu ya mapindo lazima iwe witiri, isiyogawika kwa mbili, basi nikachora tisa kwenye karatasi ya kufungia nyama, nikaharibu vyuma viwili, cha tatu kikakubali. Akatusimulia na kisa: huko Java mhunzi alichomwa kwa jambia lake mwenyewe kabla hajalimaliza, akalilaani liue watu saba. Nami na mdomo wangu huu usio na breki, nikamhadithia mke wangu tukila. Hakucheka.

Nikapekua chumba chetu cha Bordesley Green, Birmingham, juu chini. Mke wangu anakunja nepi. Mtoto wetu wa siku kumi na mbili akalia. Nikamwinua, mto ukasogea. Lahaula! Jambia hili hapa, lilikuwa chini ya kichwa cha mwanangu!

“Una wazimu, mwanamke? Chuma cha laana, kwa kichanga?”

“Si ulisema mwenyewe halina makali?”

Kwetu Unguja kichanga huwekewa kisu chini ya mto, shetani asimsogelee. Hata mimi niliwekewa. Lakini jambia la mtihani, jamani!

“Visu si viko jikoni? Weka kimoja, nipe changu. Saa mbili na nusu hii!”

Akaacha nepi. “Wa kwanza nilimwekea cha jikoni.”

Wa kwanza tulimzika hapa hapa Birmingham, ana siku ishirini, na tangu siku ile hatukuwahi kumtaja. Habari ya kisu sikuijua kabisa.

“Kile mashetani hawakukiogopa,” akasema. “Hili limeua watu saba.”

Nilitaka kumwambia, bibi wee, hili nimelitengeneza mimi, halijaua hata panya. Nikamtazama usoni, nikashindwa. Nikalirudisha chini ya mto kwa mkono wangu mwenyewe, nikamlaza mtoto, nikaenda kumwambia mtahini kwamba sikuleta kitu.