Mguu wa Magdalena wa Lecce

Mimi ni mtu wa wivu, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo jengo zima tunaloishi kule Novara linalijua. Mke wangu Consiglia alikuwa akitengenezwa nywele na mwanamume mmoja mwenye vidole virefu. Nikamhamishia kwa shangazi yangu, ambaye alimkata vibaya kwa miaka sita. Kwaya ya parokia aliiacha kwa sababu yule wa sauti nzito alikuwa akimfunulia kurasa za nyimbo. Kwani yeye hakuwa na kitabu chake cha kufunua? Kazi yangu ilikuwa kutengeneza lifti, na fundi wa lifti akikaa gizani juu ya kile kisanduku husikia mengi ya nyumba za watu. Labda ndiko nilikoharibikia. Au nilizaliwa hivi hivi, sijui.

Consiglia ni mtu wa kusini, wa Lecce. Alikuja Novara akiwa na miaka ishirini na miwili, akapiga pasi mashati kiwandani kwa miaka ishirini na tisa, amesimama tangu asubuhi hadi kengele ya jioni. Siku nilipomposa nilimuuliza swali moja tu: kulikuwa na mwanamume kabla yangu? Akasema hakuna. Nikatulia, kama wiki moja hivi.

Kilichonikereketa miaka yote ni ule mji wake wa Lecce wenyewe. Kila Julai tunashuka kwa treni hadi kwa kaka yake, Uccio, mwenye nyumba karibu na bahari, na kila mwaka nikisema twende siku moja tukautembelee mji, mke wangu anakuwa na sababu. Jua. Watu wengi. Goti. Na mwanamke huyohuyo anaweza kusimama saa mbili kwenye foleni ya samaki na goti lake halimsumbui. Mwaka huu nilistaafu, nikapata muda wa kufikiri, na kufikiri hakunifai. Nikang'ang'ana. Nilikuwa na miaka sitini na mitano na nilitaka kujua kama mke wangu alinidanganya siku ile ya posa. Consiglia akaniangalia, akasema haya, twende, kisha akaenda kununua viatu vipya vya wazi.

Tuliingia mjini saa tatu asubuhi na tayari jua lilikuwa linachoma. Kule mawe ya nyumba ni ya manjano na yanarudisha joto usoni, kwa hiyo unachomwa juu na pembeni. Tulisimama kwenye baa tupate kahawa ya barafu na maziwa ya lozi. Muuza kahawa, mtu wa umri wangu mwenye nywele zote kichwani, alimpa Consiglia kwanza, akamwongezea barafu bila kuombwa, akamuuliza jambo kwa kilugha cha kwao. Mke wangu akajibu kwa lugha hiyohiyo na wakacheka wote wawili. Sauti yake ilishuka chini, ikawa nzito na ya kivivu, sauti ambayo mimi sijawahi kuletewa nyumbani. Nikamuuliza walikuwa wanasema nini. Akasema walikuwa wanaongelea joto. Joto gani hilo la kuchekesha?

Basi tukatembea. Uwanja wa kanisa kuu, nguzo, magofu ya uwanja wa michezo wa Warumi, mimi nikiwa na kitabu cha kuelekeza wageni na mke wangu hatua tatu nyuma, kwa sababu viatu vipya vilianza kumla kisigino. Sikutazama sana majengo. Nilitazama wanaume. Kila mzee aliyekaa mlangoni na kiti chake nilimpima: huyu angekuwa na umri gani wakati ule? Huyu je, alikuwa mzuri? Mmoja alimsalimia Consiglia kwa kugusa kofia nikamkazia macho mpaka akaingia ndani kwake. Mke wangu aliniambia yule ni kipofu. Sikumwamini, lakini sikurudi kuhakikisha.

Ilipokaribia saa sita tulikuta kanisa dogo katika uchochoro, mlango wazi, na ubaridi unatoka mle ndani. Consiglia akasita kizingitini. Niliona, na roho ikaniruka: ni hapa. Akajitanda kitambaa mabegani, akaingia, akakaa kwenye benchi la mwisho kabisa. Akavua viatu na kuweka nyayo kwenye marumaru. Akasema mimi niende nikaangalie, yeye amechoka.

Pembeni kulikuwa na sanamu ya Maria Magdalena, kubwa kama mtu, ya zile wanazotengeneza kule kwa majani makavu na karatasi za gundi, ila kichwa, mikono na miguu ni udongo uliochomwa. Alisimama peku juu ya jiwe, mguu mmoja umetangulia mbele, na mguu huo ulikuwa umefifia rangi kwa kuguswa. Kina mama walikuwa wamepanga mstari. Mmoja aligusa kwa vidole kisha akavibusu, mwingine akainama akabusu mguu wenyewe. Nilipofika mimi sikutaka nionekane mgeni asiye na adabu. Nikainama nikabusu. Ulikuwa baridi, na ninakiri ulikuwa mguu mzuri.

Niliporudi kwenye benchi nilimkuta mwanamume amesimama mbele ya mke wangu. Alikuwa mtunza kanisa, mzee mwembamba anayeitwa Cosimino, funguo zake mkononi, amekuja kufunga kwa mapumziko ya mchana. Hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama chini, miguu yake, bila hata haya. Nikauliza kama kuna shida.

"Hakuna shida, bwana," akasema, bado ameinamisha kichwa. "Wewe mama ni Consiglia wa karakana ya Ippazio. Sura nilikuwa nimeisahau, unisamehe. Lakini mguu huo naupangusa vumbi kila Jumamosi."

Akasimulia yote, kwa furaha, maskini, bila kujua anamsimulia nani. Kabla ya kwenda kaskazini Consiglia alikuwa kibarua wa kubandika karatasi kwenye karakana ya sanamu. Fundi Ippazio alipopewa kazi ya Magdalena, uso aliuchukua kwa mke wa mfadhili, kwa sababu mfadhili ndiye aliyelipa, na mikono aliichukua kwa mtawa mmoja. Miguu ilikuwa ya Consiglia. Aliketi juu ya meza majira mazima ya baridi, mguu juu ya kigoda, na fundi chini yake na udongo.

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakavuma. Nikamuuliza Cosimino kama ile sanamu hutolewa nje. Akasema kila mwaka, siku ya sikukuu yake, wanaume kumi na sita huibeba mabegani mji mzima.

"Na wote wanaugusa huo mguu?"

"Bwana," akasema, "huo mguu kila mtu anaugusa."

Nikauliza Ippazio yuko wapi. Amefariki, akasema, mwaka wa tano sasa. Ningependa kusema nilisikitika. Nilichosikia moyoni ni kwamba nimeporwa: nimembeba yule mtu miaka thelathini na mitatu bila kujua jina lake, na siku ninapolipata jina, hayupo wa kumshika shati. Cosimino akatikisa funguo, akatutoa nje kwa upole.

Uchochoro ulikuwa mtupu. Saa zile mji wote unafunga madirisha na kulala, na hata paka hawapiti. Tulikaa kwenye ngazi za kanisa, mahali palipobaki kivuli cha upana wa mkeka mmoja, viatu vyake viko mkononi. Nikamwaga yote. Nikamwambia alinidanganya, akanificha mambo, akaniacha niishi kama mjinga, na leo mtu wa funguo anamjua kuliko mimi. Nikamuuliza kama yule fundi alimpenda. Nilirudia mara tatu na sauti ikapiga ukuta wa mbele ikanirudia.

Consiglia alisubiri nimalize.

"Mimi ndiye niliyempenda," akasema. "Nilimpenda vibaya sana. Siku moja nikakusanya ujasiri, nikashusha mguu kutoka kwenye kigoda, nikamwambia. Unajua alinijibu nini? Akasema, rudisha mguu."

Nikamgeukia.

"Basi?"

"Basi. Nikarudisha. Mwezi uliofuata nikapanda treni." Akajipepea kwa kile kitabu changu cha wageni. "Uliniuliza kama kulikuwa na mwanamume, nikasema hakuna. Kweli hakukuwa na mtu. Huku ndiko iliko aibu yangu, ndiyo maana sikutaka kuja."

Mtu mwenye akili angeridhika hapo. Mimi niliona wivu mara mbili. Kwanza nilimwonea wivu yule fundi kwa kupendwa vile. Halafu nikamkasirikia kwa kutomjali mke wangu, nikajikuta nataka kumtetea Consiglia kwa marehemu, na sikujua niseme lipi. Nikasema kwamba angalau mimi nilimwona. Mimi nimemlinda. Macho yangu hayajabanduka kwake miaka thelathini na mitatu.

"Macho yako yako kwao," akasema. "Muuza kahawa, kipofu wa watu, yule wa kwaya. Ukiulizwa wanaume wote walionitazama utawataja kwa majina. Leo umeubusu mguu wangu mbele ya kina mama wa watu, Ermanno, na hukuujua."

Hilo lilinigonga. Nikamwambia alete mguu.

"Wa nini?"

"Lete tu."

Akaupandisha juu ya goti langu. Ulikuwa umevimba kwa joto, kisigino kimechubuka, na pembeni ya kidole gumba kulikuwa na nundu ya miaka yote ile ya kusimama kiwandani. Nilijitahidi kuutazama kama fundi anavyotazama, kiungo kwa kiungo. Nikaona kidole cha pili kimepinda kwenda nje, na juu yake fundo gumu la mfupa. Nikashangilia kimoyomoyo. Ule wa sanamu ulikuwa umenyooka, nilikuwa nao karibu na pua muda mfupi uliopita. Nimempata na kosa, nikafikiri, yule fundi wao wa sifa.

"Hiki alikikosea," nikasema. "Cha sanamu kimenyooka."

"Hakukosea. Kilikuwa kimenyooka. Nilikivunja baadaye."

"Lini?"

Hakukasirika hata kidogo.

"Mwaka wa theluji nyingi, kwenye ngazi za nyumbani kwetu. Ulinibeba mgongoni mwenyewe hadi kwenye gari. Tulikaa hospitali saa nne."

Nilitafuta kichwani ule mguu uliofungwa bendeji, nikatafuta uvimbe, magongo, kilio chake kwenye ngazi. Sikupata kitu. Nilichokipata ni daktari: kijana, mrefu, masharubu membamba, kalamu mbili mfukoni, na alivyomwita mke wangu kwa jina lake la kwanza. Hata jina lake ninalo mpaka leo. Zanellato.