Punje za Chokaa na Maharage ya Bibi

Nina punje za chokaa ndani ya korodani, pande zote mbili, nyingi kiasi kwamba mtaalamu wa ultrasaundi alianza kuzihesabu kwa ncha ya kalamu, kisha akaacha. Kwenye skrini zilimetameta kama chumvi iliyomwagika kwenye sahani ya bati. Mke wangu aliinama kuangalia, akasema, "Kumbe naishi na machimbo."

Fahali ndiye aliyetufikisha pale. Mimi ni afisa mifugo wa kata huko Nyamahanga, na sehemu ya kazi yangu ni kuhasi madume kwa koleo. Siku hiyo fahali mmoja mwekundu alikubali kamba, akakubali kulazwa, kisha nilipofungua koleo akaghairi. Alinipiga teke palepale nilipokuwa nampigia mahesabu yeye. Wenye ng'ombe walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alisema ni haki, nimewahiwa.

Nyumbani nilijikagua kwa utaratibu niliofundishwa chuoni kwa ajili ya madume ya mbegu: ukubwa, ulaini, ulinganifu wa pande mbili. Nikaandika kwenye daftari, nikajipitisha. Kwa wiki mbili nilitembea nimetanua miguu, huku nikimweleza mke wangu kwamba dume la hali hii ningeliingiza kundini bila wasiwasi.

"Dume hilo likakaguliwe na daktari wa watu," alisema, na kesho yake akanitangulia stendi.

Kumbe punje hizi hazishikiki kwa vidole. Daktari, kijana mwenye sauti ya taratibu, alieleza kwamba teke lilileta maji na damu kidogo, ambavyo vilikuwa vinapungua. Punje zilikuwapo tangu zamani, huenda kabla fahali mwenyewe hajazaliwa. Saratani hakuiona. Punje peke yake hazidhuru, na wako wanaume wanaoishi nazo bila kujua. Ila huonekana zaidi kwa baadhi ya waliozaliwa na hitilafu ya vinasaba, kama wanaume wenye kromosomu ya ziada, na huonekana pia kwenye korodani zilizoota uvimbe. Zikikutana na sababu nyingine ya hatari, mtu hufuatiliwa.

Kwa tahadhari, damu yangu ilipelekwa mbali kuhesabiwa kromosomu. Majibu yalipokuja yalisema arobaini na sita, kamili. Nilimpigia mke wangu nikamsomea namba hiyo mara tatu, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Likabaki swali moja la daktari. Nilipozaliwa, zote mbili zilikuwa zimeshuka? Kama ndiyo, ningejikagua mwenyewe kila mwezi, basi. Kama moja ilichelewa, hatari ya saratani ilikuwa kubwa zaidi, na ningerudi kwenye ile jeli baridi ya ultrasaundi kila mwaka.

Mama ni marehemu. Baba yupo, lakini kwetu mtoto wa kiume hazungumzii uchi wake mbele ya baba. Kwa bibi ni tofauti, maana bibi na mjukuu hutaniana, na yeye ndiye aliyeniogesha. Jumamosi tukaenda kwake Mbuba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mke mwenzangu hajambo?"

"Sijambo," alijibu mke wangu. "Ila mume wetu ana chokaa."

Nilipouliza swali la daktari, bibi aliweka chini ungo wa maharage, mabega yakamtikisika kwa kicheko.

"Moja ilikuwepo. Ya pili niliitafuta kila nikikuogesha. Nikamwambia mama yako, huyu katoka safari ndefu, kasahau mzigo mmoja."

Mke wangu aliegemea ukuta, machozi yanamtoka. Mimi nikafungua daftari.

"Ilishuka lini?"

"Si ilishuka? Unataka nini tena?"

Nilitaka mwezi. Daktari alikuwa amenifafanulia kwamba ikishuka yenyewe ndani ya miezi sita ya kwanza haina uzito, ni jambo la kawaida kwa watoto. Ikipita hapo, inahesabiwa kuwa ilichelewa.

"Nilikuwa nimeanza kukaa, bibi? Natambaa?"

"Ulikuwa mgongoni. Tulikuwa tunapalilia maharage. Nikakushusha, nikakuogesha pale kijitoni, nikaikuta imekaa mahali pake. Nilimwita mama yako, shamba zima likaja kuangalia."

Nilizaliwa Septemba. Maharage kwetu hupandwa mara mbili kwa mwaka. Ya vuli tunayapalilia Novemba, ambapo nilikuwa na miezi miwili. Ya masika tunayapalilia Aprili, ambapo nilikuwa na saba.

"Yalikuwa ya vuli au ya masika?"

"Maharage ni maharage, mume wangu."

Nilimbembeleza. Kabla ya chakula alisema ya vuli, akaapa. Baada ya chakula alisema ya masika, akaapa tena, na mke wangu alikuwa shahidi mara zote mbili. Kwenye fomu ya daktari nafasi ya mwezi iliposhuka bado iko wazi.