Milango Inayotazamana

Nilipoanza kazi kwenye kiwanda cha nyumba za paneli huku Guangzhou, China, niliamini, kwa moyo wote, kwamba nyumba hizo hutiwa dawa ili ziyeyuke msimu wa tano wa mvua. Wafanyabiashara wenzangu kutoka Tanzania ndio walionihakikishia, kwenye migahawa ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Walisema waliokimbia vita hupewa nyumba hizo wasije wakajisahau: ukuta ukilainika kama biskuti kwenye chai, mtu anafunga virago arudi kwao. Na mimi, mhitimu wa shule ya jioni ambaye Kichina changu kiliwaliza walimu kwa furaha, niliimeza habari hiyo nzimanzima.

Siku ya kwanza nilizunguka kiwandani mikono mfukoni, nisije nikagusa ukuta nikaufupishia maisha.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia upakiaji. Paneli, kwa ninyi vijana mnaoagiza kila kitu kwa simu, ni mabati mawili membamba yaliyobana povu gumu katikati. Husimama ndani ya fremu ya chuma, hukazwa kwa bolti, na nyufa huzibwa kwa silikoni. Kabla ya kupakia, nyumba moja ya kila oda ilisimamishwa uani, ikakaguliwa, ikafumuliwa, na kila kipande kikaandikwa namba kwa rangi. Nyumba zangu zilivishwa na kuvuliwa upesi kuliko bwana harusi.

Oda iliyonizeesha ilikuwa ya mji mmoja wa milimani Kongo, uliochomwa vitani. Watu wake walikuwa wamekaa chini ya maturubai hata watoto wakadhani turubai ndiyo nyumba. Walimtuma mwenyekiti wao, mjane aitwaye Mama Neema, aje kukagua. Aliingia kwenye nyumba ya uani, akafunga mlango, akaufungua, akatazama nje kwa muda.

"Papa," akaniambia, kama Wakongo wanavyomwita mtu baba, "mlango wa jirani uko wapi?"

Nikamweleza mchoro. Misingi ilikwisha kumwagwa zege huko mlimani, safu kwa safu, na kila mlango ungetazama mgongo wa nyumba ya mbele.

"Walipokuja kutuua, kila nyumba ilikuwa imempa mwenzake mgongo. Hakuna aliyeona walivyoingia kwangu." Akaushika mlango. "Milango itazamane. La sivyo hatuhami, tunabaki kwenye turubai."

Nikatafsiri. Mwenye kiwanda, laoban kama tunavyowaita mabosi huku, alikuwa na sauti ya kuamsha meli bandarini.

"Bu xing!" Haiwezekani. "Mchoro umepitishwa!"

"Wanaopangwa mstari ni askari," Mama Neema akasema. "Sisi ni majirani. Mwambie na hilo."

Nikamwambia, bila kupunguza neno. Mhandisi mkuu, mtu aliyeongea kama analipia kila herufi, akaniuliza, "Hasa anataka nini?"

"Anataka mtu auone mlango wake."

Akawaita mafundi. Waling'oa paneli ya mlango, wakaipachika ukuta wa nyuma. Upana ulikuwa uleule; ikaingia bila ubishi. Laoban akaizunguka nyumba, akakohoa.

"Basi, nusu ya oda, safu moja ruka moja, mlango uhamie nyuma. Na namba mtaandika upya!"

Tuliandika mpaka rangi nyekundu ikaadimika Guangzhou nzima.

Wakati wa kuagana Mama Neema aliniuliza kama zitadumu. Watu waliokwisha kupoteza nyumba mara moja, utawaambiaje kwamba ya pili nayo itayeyuka? Nikajibu, "Tutakaza vizuri." Kila kontena nikalijaza bolti na silikoni za ziada, kana kwamba silikoni ingeshindana na dawa.

Baadaye nilipelekwa Shiling kukagua mikoba, chini ya meneja aliyenusa ngozi kama mpishi anavyonusa mchuzi, kisha ofisi ya usafirishaji ya Xiaobei, nilikostaafia. Lakini kila mvua kubwa ilipopiga dirisha langu, niliwaona watoto wale wakirudi kwenye turubai. Huyu mzee mcheshi mnayemjua, hicho ndicho kilichokuwa kikimnyamazisha.

Mwezi uliopita, nikijiandaa kurudi nyumbani, nikamkuta Mama Neema mgahawani Huanshi Zhonglu, nywele nyeupe pe, miguuni mafurushi ya nguo kutoka mtaa wa mafundi cherehani wa Kangle. Sikumaliza hata salamu.

"Mama, zile nyumba. Ziliyeyuka lini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Papa, bati haliyeyuki. Linaota kutu. Jirani wa mbele anaiona kutoka mlangoni kwake, ananiita, tunaikwangua, tunapaka rangi."