Wakamwana wa Babu Siku ya Kura

Enzi zetu pale kijijini Masoko, Rungwe, mtoto akisikia mzee anakohoa njiani alikimbia kumwambia mama yake. Mama zetu hawakuwa wanakutana na baba wakwe zao. Mzee akitokea, mkamwana anaingia migombani, anageuza uso na kungoja apite. Jina lake halitaji, na ndugu zake wa kiume wanaogopwa vilevile, kwa hiyo mwanamke mmoja aliweza kuwa na baba wakwe kijiji kizima. Babu yangu Ambokile, mzaa baba, alikuwa muungwana. Alianza kukohoa tangu kwenye kona ili wanawake wapate muda wa kutua ndoo. Vijana wa leo nikiwasimulia wananiuliza kama alikuwa na kifua kikuu.

Tulikula ndizi za kuchoma na maharage, tukacheza rede kwa mpira wa majani makavu ya mgomba, na masweta yetu yalinuka moshi kuanzia Januari hadi Desemba. Redio ilikuwa ya Babu, na udiwani ulikuwa wa Babu. Miaka yote alipita bila kupingwa. Kisha vikaja vyama vingi, vikaja na mitumba, na muuza mitumba mmoja wa Tukuyu aitwaye Asegelile akachukua fomu ya chama kipya. Alikuwa mtu mzima na bado kapera.

"Hana mke, hana mkamwana, atamwongoza nani?" Babu aliuliza mkutanoni. "Mimi nina wakamwana kila kitongoji."

Wanaume walipiga makofi. Wakamwana wenyewe hawakuwepo, maana walitawanyika gari lake lilipokata kona. Kwenye mikutano ya Asegelile walitandika khanga na kukaa mwanzo hadi mwisho, wakamsikiliza vizuri, kisha wakarudi nyumbani wakisema watamchagua Babu.

Mama yangu ndiye aliyeitaka siku ya kura kuliko wote. Babu alihangaika mpaka zahanati ikajengwa, na mdogo wangu alizaliwa humo mama akiwa hoi, hana matumaini. Hakuwahi kumshukuru Babu, kwa sababu hawakuwa wanasemeshana. Kura ingekuwa shukrani yake.

Siku ya kura Babu alivaa koti lake la kanisani, akapiga kura wa kwanza, kisha akaagiza kiti kiwekwe kando ya njia ya kuingilia shuleni, palipokuwa kituo cha kura. Njia ilikuwa hiyo moja, upande wa pili ni korongo. Baba mdogo alimsihi akanywe chai nyumbani. Zaidi ya hapo hakuthubutu, kwani mtoto atamwelezaje baba yake kwamba mkewe anashindwa kupita?

"Nikiondoka wataniibia kura," Babu akasema, na akaketi.

Mama zetu walikuwa migombani, wamevaa vitenge vizuri, kadi za kupigia kura wamezifunga kwenye mifuko ya nailoni. "Nendeni mkaone kama ameondoka," walitutuma. Tulienda, tukamkuta anawasalimu wanaume mmoja mmoja, akatupa miwa, tukarudi na miwa na jibu lilelile. Mvua ikanyesha, mvua yetu ya Rungwe isiyo na haraka. Babu alifungua mwavuli. Hata chakula alikataa, akisema anailinda haki yake.

Vituo vilifungwa mama akiwa bado amesimama chini ya mgomba. Alilia. Niliumia sana kumwona vile, na sikujua nimlaumu nani.

Asegelile alishinda, kwa kura chache tu. Asubuhi Bibi alimwambia mumewe, bila kupandisha sauti, kwamba kura zake zilikuwa migombani zinanyeshewa. Babu alitua kikombe chake cha chai. Kisha akasema aliviona vile vitenge, akadhani ni watu wanaokwenda sokoni. Aliniita.

"Mwambie mama yako, ndaga," akasema. Hiyo ndiyo asante yetu.

Mama aliipokea akiwa jikoni. Alipiga magoti, akageukia ukutani na kujibu, "Ndaga, tata," yaani asante, baba. Nikaipeleka kwa Babu, akaitikia kwa kichwa na kuendelea kunywa chai yake.

Siku hizi mkamwana wa kaka yangu anamwita baba mkwe wake "mzee baba", anamwekea mkono begani, wanapiga picha ya simu mbele ya bango la mgombea. Kisha wanapanda bodaboda moja kwenda kituoni. Mimi hukunja uso, halafu nakumbuka kwamba yule binti anapiga kura na mama yangu hakupiga, na ningetoa mengi mama apige ile moja. Naikumbuka adabu ile hata hivyo, na naililia. Tangu siku ile nimewaona wagombea wengi wakianguka, kwa uongo wao, kwa ubahili, kwa kuchokwa tu. Sijamwona mwingine aliyeangushwa na watu waliomheshimu.