Nani Anafagia Shimo Letu

Niseme mapema: nyumba yetu haiuzwi. Mwenye kutaka kujua sababu amuulize bwana yangu, naye atajibu kwamba mimi, bibi yake, niko na kichwa ngumu. Sawa. Ninacho. Lakini kichwa hiki hakikuanza kuwa kigumu bure, na nimechoka kuchekwa na watu wasiojua.

Nyuma ya nyumba yetu kuna shimo. Hapa Kasongo, kartie hizi mupya, mitaa inayopanda upande wa shamba, karibu kila parseli ya kujengea iko na shimo lake, maana nyumba inatoka mule. Ukinunua parseli, kwanza unatafuta kichuguu, kwa sababu udongo wa kichuguu unashikana. Unachimba, unamwanga maji, vijana wanakanyaga kwa miguu mupaka udongo unakuwa kama ugali, kisha munafyatua matofali. Kuni zikitosha munachoma yote. Zisipotosha, munachoma ya chini yanayopigwa na mvua, ya juu munajenga mabichi na kuyakandika. Shimo linabaki. Wengine wanatupa takataka, wengine wanafuga bata. Sisi tulikuwa bado hatujaamua.

Parseli ile aliyetuuzia ni mwanaume wa Kabambare. Alikuwa na haraka ya kurudi kwao. Alimuonyesha bwana yangu mipaka, huku mugazi wa mawese, kule mufereji, huku lupango, ua wa jirani. Shefu wa kartie alikuwa shahidi, wakapeana mikono, wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na tumbo langu kubwa, na diplome yangu ya sekondari, na hakuna aliyeniuliza hata kama parseli inanipendeza. Bibi wa muuzaji alikuwa amesimama pa mulango wa jiko lake, ufagio mukononi. Naye hakuna aliyemuuliza kitu. Tuliangaliana mara moja, basi. Nilifikiri ana huzuni ya kuhama.

Tulibomoa nyumba yao ya majani, tukachimba kichuguu, tukajenga. Nilienda kuzaa kwa mama yangu. Niliporudi na mutoto mugongoni, mabati yalikuwa yanang'aa na harufu ya udongo mubichi ilikuwa bado imejaa vyumbani. Nililia kwa furaha. Maisha yangu yote nililala katika nyumba za wengine, kwa baba mudogo, kwa baba mukwe, kwa mwenye nyumba aliyekuwa anahesabu maji tunayochota. Sasa nilikuwa na ukuta ninaoweza kupigilia musumari bila kuomba ruhusa.

Siku ile ya kwanza nilienda kumwanga maji machafu shimoni. Palikuwa pamefagiwa.

Sisemi palikuwa safi kidogo. Palikuwa pamefagiwa, mistari ya njiti za ufagio imelala upande mumoja kama nywele zilizochanwa. Majani ya migomba yaliyoangukia mule yalikuwa yamekusanywa pembeni, chungu kidogo, vizuri. Nilisimama na beseni yangu. Kisha nikamwanga maji kwingine, sijui kwa nini.

Jioni nikamuuliza bwana yangu, "Ni weye ulifagia shimo?"

"Shimo? Nani anafagia shimo? Bibi, uko na homa?"

Likachafuka, likafagiwa tena. Na tena. Nikamuambia mama jirani, yule anayekaanga mandazi mbele ya lupango yake. Akacheka mupaka mafuta yakaungua.

"Dada, kama ni muchawi, basi ni muchawi musafi! Umutume na kwangu, vyombo vinamungoja."

Nilicheka naye. Lakini niliporudi ndani sikucheka, kwa sababu ya ukuta.

Chumba anacholala mutoto kiko upande wa jua kutoka. Kwenye ukuta wake, chini, usawa wa mukeka, kulikuwa alama ya maji, kubwa kama sahani. Bwana yangu alipanda juu kuangalia mabati. Hayavuji. Akachunguza mufereji, uko mbali. Tukakandika upya, ikakauka. Mvua haijanya hata tone, alama ikarudi palepale. Na mutoto wangu, ambaye hakuwa anajua bado kutambaa, alikuwa anabingirika mupaka pale, anaweka shavu kwenye ukuta ule baridi, analala. Nikimuhamisha, analia kama anachomwa. Nikimurudisha, kimya. Hapo kimya chake kilianza kunichukiza kuliko kilio.

Kisha upande wa inje, palepale penye alama, nikakuta mukono. Kiganja cha mutu kimebonyea kwenye ukandiko, vidole vyote. Kilikuwa kidogo kuliko cha bwana yangu na kikubwa kuliko changu.

Mama jirani hakucheka tena. Aliinamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Dada, mumeuziwa parseli ya mara mbili. Wanafanya hivi. Mwenye kwanza anatuma dawa ili muogope. Mukishaogopa, anakuja na askari, anasema ni kwake. Niliona kule karibu na soko, watu walitoka na vitanda vichwani."

Basi niliogopa, ndiyo. Lakini mimi woga ukinikaa tumboni unageuka hasira. Nilisema moyoni: nyumba hii hainitoki. Mwenye kuitaka atapita juu ya kichwa changu.

Siku ya soko, kila mutu akiwa ametoka, mimi nilibaki. Niliwasha moto jikoni ili moshi uonekane wa kawaida, nikachukua muchi wa kinu, nikakaa nyuma ya mulango. Jua likafika katikati ya kichwa. Saa ile kartie yetu inakuwa kama imekufa. Adhana ilisikika kutoka mbali, ikaisha, na baada yake hakuna hata kuku aliyelia. Mutoto alikuwa amelala chumbani. Na mimi nikasikia ufagio.

Alikuwa ameshuka shimoni bila mimi kumuona akipita. Mwanamuke, muguu wazi, upindo wa kitenge umelowa maji ya kijito. Alifagia bila haraka, ameinama, mukono mumoja mugongoni, kama mutu anayefagia mbele ya nyumba yake asubuhi. Akakusanya majani. Akapanda. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mutoto wangu, akaweka kiganja katika kile kiganja, na kikamuenea. Kisha akaanza kuongea na ukuta, polepole, kwa Kibangubangu, lugha ya kwao Kabambare. Mimi nasikia Kizimba cha mama yangu, Kibangubangu nakishika neno moja moja. Nilishika moja tu: kulala.

Nilitoka na muchi wangu.

"Mama! Unatafuta nini kwa parseli ya watu?"

Hakushituka. Aligeuka, nikamutambua, ni yule bibi wa muuzaji. Akaniambia, "Karibu, mwanangu," kama vile mimi ndiye mugeni.

"Karibu wapi? Hapa ni kwangu! Bwana yako aliuza, akaenda zake. Shefu iko na habari. Mukitaka kutuzunguka na madawa yenu, mimi si mutu wa kukimbia!"

"Sikukuja kwa ajili ya parseli."

"Ulikuja kwa ajili ya nini basi?"

Aliangalia ukuta. Kisha akauliza, kwa sauti ya mutu anayetaka naye kujenga, "Haya matofali, mulichoma ao ni mabichi?"

Nilifikiri ni mwenda wazimu. "Ya chini, ya musingi, tulichoma. Kuni zilituishia. Ya juu ni mabichi."

"Na ya hapa?" Mukono wake haukutoka ukutani.

"Hapo ni juu ya musingi, ni mabichi."

Akapumua. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi. "Aksanti," akasema. "Aksanti, mwanangu. Moto haukumufikia."

Hapo nikaelewa. Mwanamuke wa huku kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Niliweka muchi chini.

Nitaandika, na anayekasirika akasirike. Mutoto akizaliwa na kufa kabla kitovu hakijaanguka, kwetu hapelekwi makaburini. Hakuna kilio wala turubai, hakuna wanaume wanaokaa kwenye viti. Wazee wanawake wanamufunga katika kitambaa, wanamuzika nyuma ya nyumba, pale udongo ni laini, na mara nyingi udongo laini uko pembeni ya kichuguu. Wanarudi, wananawa, wanamuambia mama yake ni wapi, mara moja tu. Mwanaume haambiwi. Hata yeye hataki kuuliza. Na neno hilo halitamukwi tena mupaka kufa.

"Mama mukwe wangu ndiye alimuweka," akasema. "Upande huu, jua linapotokea. Kitenge cha manjano." Aliniangalia. "Wakati wa kuchimba, hawakuona kitu?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikumbuka vizuri sana. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo, kwa sababu maji ya udongo ule nilichota mimi. Kijana mumoja aliinua kitu na ncha ya jembe, kimeoza, rangi ya manjano. Akasema, "Kumbe huku kulikuwa fundi cherehani!" Wote wakacheka. Bwana yangu akasema, "Endeleeni, jua linapanda." Wakakanyaga. Walikuwa wanaimba ili miguu yao iende pamoja.

"Walikiona," nikasema. "Kitambaa tu. Walikichanganya na udongo."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakulia. Akaweka tena mukono kwenye ukuta. "Basi iko humu."

Hasira yangu ilikuwa haina pa kwenda, ikamuendea yeye. "Na weye kwa nini hukusema? Ulisimama pale na ufagio wako, unatuangalia tunapeana mikono!"

"Nimuambie nini mwanaume? Ile mambo haisemwe."

"Ungesema hata: kichuguu kibaki!"

"Nilisema. Alicheka, akaniuliza kama parseli ni ya baba yangu."

Ndani, mutoto wangu alikohoa kidogo, akageuka, na ukuta ulikuwa mwembamba hivi kwamba tulisikia shavu lake likisugua udongo upande wa pili, palepale chini ya mukono wa yule mama.

Nikasema, "Mama, nitaubomoa huu ukuta. Tutarudisha udongo shimoni, tufukie. Bwana yangu nitamutafutia sababu."

"Hapana!" Ni mara ya kwanza aliinua sauti. "Kule mvua ilikuwa inamunyeshea. Kila mvua ya usiku nilikuwa siko mutu, nilikuwa nalala na mvua ile mwilini. Sasa iko na mabati. Mumuache." Kisha akaangalia kidirisha cha chumba, na akatabasamu, na tabasamu lile sijalisahau. "Tena iko na mwenzake."

Nilitaka kukimbia ndani nimutoe mutoto wangu pale, nimupeleke mbali. Sikukimbia. Nilikaa chini kando yake.

Aliniambia alikuwa amefikia kwa dada yake, ng'ambo ya kijito, akidanganya kwamba ni mugonjwa, ili aweze kupita hapa saa ambayo watu hawako. Sasa bwana yake amemuita. Barabara ya Kabambare imekufa, pikipiki zinazama mupaka kwenye usukani, hajui kama atarudi. Akaniwekea ufagio magotini.

"Neno moja tu, mwanangu. Musiuze. Weye ukiuza, mwingine atabomoa, na udongo wa kubomoa unamwangwa popote. Barabarani hata."

Nilisema ndiyo. Sijamuona tena.

Muji unakua. Pale mama jirani alipokuwa anakaangia mandazi sasa ni duka la simu. Mufanyabiashara mumoja amepita parseli zote za upande wetu, anataka kusimamisha depo ya bia na ya simenti. Wengine wamekubali, wamehama. Bwana yangu naye anataka. Anasema tutapata parseli kubwa zaidi, tutajenga na matofali yote ya kuchoma. Nikisema hapana, anauliza kwa nini. Nikinyamaza, anasema, "Bibi, shimo unafagia kila asubuhi kama muskiti, nyumba hutaki kuuza, watu wanasema umepagawa." Baba mukwe ameitwa, naye amenieleza kwamba mwanamuke hafungi mulango wa bahati ya bwana yake. Wanaume wale wanajua bei ya kila kiganja cha ardhi ya Kasongo. Walichozika mama zao chini yake, hawataki kukijua. Na sisi tunawahifadhia kutojua kwao kama chakula cha sikukuu.

Alama ya maji bado iko. Kuna kitu kimoja sijamuambia mutu. Inapanda. Zamani ilikuwa usawa wa mukeka. Mutoto alipoanza kukaa, ikawa usawa wa kichwa chake akikaa. Sasa anatembea, na iko pale shavu lake linapofika akisimama. Sijapima. Sihitaji kupima, naiona wanaposimama pamoja.

Juzi mufanyabiashara alikuja na vijana wake na kamba, wakapigilia vijiti katika uwanja wangu bila hodi. Niling'oa cha kwanza. Niling'oa cha pili. Bwana yangu aliniita kwa sauti ya aibu. Mufanyabiashara alikuwa mupole, alitabasamu kama mutu aliyezoea wanawake wenye kelele.

"Mama, nyumba ndogo hii, ya matofali mabichi. Kuna nini humu ndani munachokilinda?"

"Watoto," nikasema.

Akamuangalia mutoto wangu aliyekuwa ameshika kitenge changu. "Naona mumoja tu."

"Wako wawili."

Bwana yangu aliniangalia, akaangalia ufagio mukononi mwangu, kisha shimo, kisha ukuta. Alikumbuka kitu, niliona kinamupita usoni: jembe, rangi ya manjano, vijana wanaocheka. Akainama, akang'oa kijiti cha tatu yeye mwenyewe.