Kisanduku cha Mgongoni

Mama yangu alikuwa kiziwi miaka mingi, na mtaa wetu mzima wa Kamalondo haukujua. Alisoma midomo. Ukisimama mbele yake aliyadaka maneno yako kabla hujayamaliza, akakujibu kwa kejeli, nawe ukaondoka ukiona haya. Wauza samaki walimwogopa. Mimi peke yangu nilijua siri hiyo, na alikuwa ameniapisha.

"Usiambie muntu," alisema. "Bantu ba bwana yako batasema hii nyumba iko na laana, na njo maana hauzali."

Kweli nilikuwa sijazaa, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Kwetu sisi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Mume wangu alikuja kila Jumapili kumsalimu mama, akachutama nje ya ua wa lupango, kiwanja chetu. Mama alipomwona anakuja alijifunika kitambaa kichwani na masikioni, akampa mgongo kama heshima inavyodai. Mtu asomaye midomo akishageuka, ndiyo basi. Mume wangu alisalimu, akasalimu tena, na mama aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo, kana kwamba ua umesalimiwa na upepo.

Mume wangu alikuwa mpole, lakini mpole akichoka amechoka. Jumapili moja tulirudi nyumbani bila kusemezana, na mlangoni akatua mzigo wake.

"Mama yako hanitaki," alisema. "Minamulamukia, minamupa salamu, ananyamaza kama mi ni imbwa. Kama Jumapili inakuya hanijibu, utabakia kwenu."

Nilimpenda mume yule. Nilichukua akiba yangu ya ushonaji, na kesho yake nikamburuta mama hadi mjini kwa wazungu, kwenye duka la miwani lililokuwa pia na vyombo vya viziwi. Sisi weusi hatukuingia ndani. Tulihudumiwa kwa dirisha la pembeni, tukisimama barazani juani, na jambo hilo lilinikera siku zote.

Muuzaji alitoa vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kupachikwa nyuma ya sikio. Cha pili kilikuwa kisanduku kama kipande cha sabuni, chenye waya mrefu wa kufika sikioni. Mama hakukitazama hata mara moja.

"Hii ya kidogo," alisema. "Hakuna muntu ataiona."

Muuzaji akampachika, akatoa kichwa dirishani. "Mama iko nasikia muzuri?"

"Muzuri sana," mama akajibu palepale.

Muuzaji akatabasamu, kisha akatazama chombo na sura ikambadilika. Alikuwa hajakiwasha. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na mama akanikata jicho.

Nilipoacha kucheka, nikaona kwamba tungeweza kununua chochote siku ile na tukaharibikiwa vilevile. Mama hakuhitaji kumsikia mzungu aliyemwelekea. Alihitaji kumsikia mtu mmoja tu, aliye nyuma yake, akiongea kwa sauti ya chini, huku mama mwenyewe amejifunika masikio.

"Geuka, mama," nikamwambia. "Vala kitambaa vile unavalaka siku mukwe anakuyaka."

Alinuna, lakini alivaa. Chombo kidogo kikawashwa, na muuzaji akaongea. Mama alikunja uso.

"Minasikia panya banakula makaratasi," alisema. Kilikuwa kitambaa kikisugua chombo.

Tukajaribu kisanduku, kimening'inizwa kifuani kama muuzaji alivyoelekeza. Mama akasema anasikia moyo wake mwenyewe na blauzi yake, na sauti ya mzungu iko mbali, upande mwingine wa mwili. Akakivua kwa hasira. Nilidhani ndiyo tumeshindwa, na macho yakaanza kunichoma.

Mama aliniona. Alifungua kitenge kiunoni, akakipeleka kisanduku mgongoni, akakifunga pale mahali pa kubebea mtoto, uso wa chombo ukichungulia nje, na waya akaupitisha chini ya kitambaa. Muuzaji akacheka, akasema hakivaliwi hivyo.

"Mama, hapana! Hii iko ya mbele!"

"Minakusikia," mama akamjibu bila kugeuka. "Na hauna haja ya kupiga makelele."

Jumapili mume wangu alikuja kwa sababu nilimsihi. Alichutama, akasalimu kwa sauti ya mtu aliyeshakata tamaa. Nilisimama kati yao. Mikono ya mama ilitulia juu ya majani ya sombe. Nilitegemea ajibu salamu tu, siri yake ibaki salama.

"Mukwe wangu," alisema, mgongo umemwelekea, "masikio yangu ilikufaka zamani. Leo njo mara ya kwanza minakusikia. Zile Jumapili zote, ulikuwa unaniambiaka nini?"

Mume wangu alisogea karibu na ua, bado amechutama.

"Nilikuwa nauliza tu kama muko muzima, mama."